Kati ya Bure na Huria

Juni 2010 nilikuwa mchapaji katika steshenari ndogo karibu na Jamatini, mjini Dodoma. Asubuhi kipupwe kilitulazimisha kuvaa masweta, mchana vumbi liliingia hadi kwenye trei ya karatasi, na jioni majirani wenye televisheni walifungulia Kombe la Dunia mpaka mavuvuzela yakasikika dukani. Tulikuwa na kompyuta mbili, printa moja na mashine ya kutolea kopi. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Mama, alikaa mlangoni na daftari lake la mauzo. Kopi moja ilikuwa shilingi 50, ukurasa wa kuchapa shilingi 500.

Mwaka huo kazi zilifurika. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, na wanafunzi wake wa mwanzo kabisa wa shahada ya miaka mitatu walikuwa wanamaliza. Walishuka na daladala kutoka chuoni Chimwaga wakiwa na tafiti zao zimeandikwa kwa mkono, na kila mmoja alitaka yake itoke kabla ya Ijumaa.

Dada mmoja alituletea kazi kuhusu bei za mahindi katika soko la Kibaigwa. Sura tatu za kwanza alikuwa ameziandika kwa mkono. Sura ya nne, yenye majedwali, tuliitengeneza pamoja moja kwa moja kwenye kompyuta, yeye akinisomea tarakimu kutoka kwenye madodoso, mimi nikiziingiza. Ilituchukua siku tatu. Siku ya nne asubuhi niliwasha kompyuta nikakuta kila folda imegeuka kialama cha njia ya mkato, na ukikibofya hakuna kinachofunguka.

Mama akaita fundi. Fundi aliitazama kwa dakika mbili, kisha akatamka maneno ambayo kila mwenye kompyuta nchini ameyasikia: "Hii inataka kupigwa Windows upya." Akaipiga. Alitoa CD iliyoandikwa jina kwa kalamu, akaingiza namba ya kufungulia ambayo tulikuwa tumeinakili nyuma ya daftari la mauzo, akafuta diski nzima, akalipwa shilingi 15,000, akaenda zake. Kompyuta ikawa nyepesi kama imetoka dukani. Sura ya nne haikuwemo.

Dada yule alipofika mchana alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, sasa nafanyaje?" Sikuwa na jibu. Madodoso alikuwa ameshayapeleka kwa mjomba wake Kongwa. Akapanda basi kuyafuata, akarudi, na kwa siku mbili usiku tukaandika upya tarakimu zilezile. Sikumtoza hata senti, na Mama hakuuliza.

Wiki mbili baadaye flashi ya mteja mwingine ilikuja na ugonjwa uleule. Safari hii alikuwepo dukani kijana aliyekuwa akisoma mambo ya kompyuta pale chuoni. Akatoa kwenye begi bahasha ya karatasi yenye CD, akaiwasha kompyuta yetu kutokea kwenye ile CD bila kuigusa diski ya ndani, halafu akachomeka flashi. Mafaili yote yakaonekana yamejipanga, hakuna lililokosekana.

"Hivi virusi havikufuta kitu," akaniambia. "Vimeyaficha mafaili na kuweka vialama bandia mbele yake. Mfumo huu hauzitii alama za kuficha za mfumo ule, ndiyo maana unayaona."

Nilikaa kimya. Kumbe sura ya nne ya dada yule haikupotea siku ile asubuhi. Ilikuwa palepale, nyuma ya pazia, mpaka tulipolipa shilingi 15,000 ifutwe.

Mfumo uliokuwa kwenye CD ile ulikuwa Ubuntu, toleo la 10.04, lililotoka Aprili mwaka huohuo. Tangu siku hiyo nimeishi na programu huria, dukani, katika ajira na nyumbani. Ninaandika kumbukumbu hizi kwa sababu naona vijana wengi bado wako pale nilipokuwa, wakidhani wana njia mbili tu: kununua programu ambayo mfuko hauimudu, au kuiiba.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba programu zetu pale dukani zilikuwa za bure. Zilikuwa za wizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyokilinda kitabu au wimbo. Mama mwenyewe alikuwa mwanakwaya, na alikuwa akiumia sana akikuta kanda za kwaya yao zimerudufiwa na kuuzwa sokoni Majengo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeziunganisha habari hizo mbili. Aliyeandika ile programu naye alikesha, naye ana watoto wa kusomesha.

Mbali na kosa la kisheria, nakala ile ilitufunga. Fundi alitushauri tuzime masasisho, mwenye programu asije akaigundua nakala yetu. Kwa hiyo kila tundu lililozibwa kwa wengine lilibaki wazi kwetu. Hata antivairasi yetu ilikuwa imefunguliwa kwa namba ya kuokota, nayo haikusasishwa. Tulikuwa tumeweka mlinzi kipofu getini. Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipofunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia, ilibainika kwamba kiraka cha tundu kilimopitia kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Wengi wa walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimekipokea. Niliposoma habari ile niliziwaza steshenari zote zilizozima masasisho kama sisi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ya kuiba, je?

Mama hakushawishika haraka. Nilipomweleza kwamba upo mfumo usionunuliwa wala kuibwa, aliniuliza, "Mwanangu, mtu akupe kitu cha maana bure, yeye anakula nini?"

Nilikwenda na swali hilo kwa yule kijana wa chuo, na katika kulitafutia jibu nikajifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha MIT, alitangaza mradi wa kuunda mfumo ambao mtumiaji wake angekuwa na haki nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuufungua msimbo wake aone inavyofanya kazi na kuibadili, kumpa mwenzake nakala, na kuwagawia wengine mabadiliko aliyoyafanya. Mradi huo aliuita GNU. Miaka minane baadaye, Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds aliwatangazia wenzake kiini cha mfumo alichokuwa anakiandika, ambacho leo tunakiita Linux. Alikuwa na miaka 21, umri uleule niliokuwa nao mimi nilipokuwa nikibofya vialama bandia.

Wanakula nini? Wengine wameajiriwa na kampuni zinazoutumia mfumo huo kila siku, ambazo zimeona ni nafuu kuuboresha kwa pamoja kuliko kila moja kuandika wake. Kampuni nyingine, kama Red Hat ya Marekani, huuza huduma: wanatengeneza, wanafundisha, wanasimamia. Wengine hufanya kwa kuipenda kazi. Ile CD ilitoka kwa Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambayo baada ya kuitoa Ubuntu Oktoba 2004 iliwatumia watu CD kwa posta bila malipo, hadi utaratibu huo ulipokoma mwaka 2011.

Nikarudi kwa Mama. "Mama, hawa hawauzi ufunguo. Wanauza ufundi."

Akafikiri kidogo. "Hapo sawa. Fundi lazima ale."

Kwa Kiingereza Stallman amelazimika kueleza tena na tena kwamba neno "free" analolitumia halihusu bei, kwa sababu lugha ile ina neno moja kwa mambo mawili. Sisi tumebahatika kuwa na maneno mawili. Bure ni habari ya bei, na mara nyingine ni habari ya hasara: nimekwenda bure, nimesumbuka bure. Huria ni habari ya mamlaka: nani anaruhusiwa kukishika kitu, kukifungua, kukitengeneza na kumpa jirani. Nakala yetu ya wizi ilikuwa bure, lakini haikuwa huria. Hatukuweza kuifungua, hatukuweza kuisasisha, hatukuweza hata kukiri hadharani kwamba tunayo.

Nililipenda pia jina la ule mfumo. Ubuntu katika lugha za kusini mwa Afrika ni utu wetu huuhuu. Hapa Ugogo mtu ni munhu, watu ni wanhu. Mzizi ni ule mmoja. Bibi yangu angelisikia jina lile angelielewa kabla sijamweleza kompyuta ni kitu gani.

Lakini nisiwadanganye wasomaji. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Tuliweka Ubuntu kwenye kompyuta moja, ile nyingine tukaiacha ilivyo. Siku ya kwanza printa ilikataa kabisa kuchapa. Steshenari isiyochapa ni duka la nini? Nilihangaika karibu wiki mbili, nikichapa kwa kompyuta ya pili na kuhamisha mafaili kwa flashi, wateja wakiguna. Hatimaye nikaipata kwenye intaneti dawa ya printa ya aina yetu, imeandikwa hatua kwa hatua na mtu wa Brazil nisiyemjua wala sitamjua. Nilizifuata hatua zake zote, karatasi ikatoka.

Tatizo la pili lilikuwa herufi. Wanafunzi walitakiwa kuandika kwa Times New Roman ukubwa wa 12, nafasi ya mstari mmoja na nusu. Kompyuta yetu mpya haikuwa na herufi hizo, nami niliogopa kurasa zitahama, msimamizi wa utafiti amrudishie mwanafunzi kazi. Ndipo nilipozijua herufi za Liberation, zilizotolewa na Red Hat mwaka 2007. Kila herufi yake ina upana sawasawa na mwenzake wa Times New Roman, kwa hiyo mstari unakatika palepale na ukurasa unaishia palepale. Kuna mtu alikuwa ameketi akapima a, akapima b, hadi z, ili mchapaji wa Dodoma asipate aibu. Jambo hilo lilinigusa na bado linanigusa.

Tatizo la tatu lilikuwa bando. Programu hainunuliwi, lakini kuipakua kunanunuliwa, na masasisho ya mwezi mmoja yangeweza kumaliza bando la duka zima. Dawa yake ilikuwa safari. Kila Jumamosi nilipanda daladala hadi chuoni na flashi mfukoni, yule kijana akanipakulia vifurushi vya masasisho, nikarudi navyo mjini.

Zile hatua za Mbrazili nilizitafsiri kwa Kiswahili kwenye kaunta buku, nikaongeza ya herufi, nikaongeza ya masasisho. Baada ya miezi michache wachapaji wa steshenari nyingine wakawa wanakuja kuinakili. Mmoja akanirekebisha: hatua ya saba haikuwa na lazima. Nikaikata kwa kalamu nyekundu. Wakati ule sikujua kwamba tayari nilikuwa nafanya kazi ileile wanayoifanya waandishi wa programu huria, kwa kalamu na karatasi.

Nimezaliwa katika kijiji kimoja cha Chamwino. Dodoma hupata mvua ya wastani usiofika milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo korongo letu hukauka, maji yakabaki chini ya mchanga. Kila kiangazi tulichimba kisima humo korongoni na kukizungushia miiba ng'ombe wasiingie. Hakuna aliyeyauza maji yale, wala aliyezuiwa kuchota, hata msafiri wa kupita. Lakini mchanga huporomoka usiku, na kila alfajiri lazima mtu ashuke kuufukua. Nyumba ambayo haikutoa mtu wa kufukua haikunyimwa maji. Ilisemwa tu, na wenyewe walijua wanasemwa. Nilipoanza kuielewa programu huria, kisima kile ndicho kilichonijia akilini. Hakina mwenye kuuza, lakini kina zamu.

Somo la zamu nililipata kwa uchungu kupitia lugha yetu wenyewe. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi ya kuandikia, ya majedwali na ya mawasilisho, menyu zake zote kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi. Hapakuhitajika kumpigia mtu magoti. Rafiki yangu aliniletea nakala mwaka 2011. Mama, ambaye alisoma hadi darasa la saba na kila siku alinitegemea mimi kumsomea kilichoandikwa kwenye kioo, alikaa kwenye kiti changu akaanza kusoma menyu mwenyewe, kidole kikipita neno kwa neno. Siku hiyo alichapa barua yake ya kwanza, ya kuomba udhuru kwa mwenyekiti wa kwaya.

Furaha haikudumu. Toleo lile lilitokana na OpenOffice ya mwaka 2004, na wateja walikuwa wanaleta mafaili ya muundo mpya uliokuja mwaka 2007. Yalikuwa hayafunguki. Matoleo mapya ya programu yalikuwa yameendelea kutoka, kila moja na maneno yake mapya, na yale tuliyoyazoea kwa Kiswahili yakabaki nyuma. Mama akarudi kuniita nimsomee. Mchanga ulikuwa umeporomoka kisimani, na sisi wasemaji wa Kiswahili, mamilioni kwa mamilioni, hatukushuka wa kutosha kuufukua.

Tofauti nikaiona katika OpenOffice yenyewe. Programu hiyo ilitokana na kampuni moja ya Ujerumani iliyonunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 1999. Mwaka uliofuata Sun ikaufungua msimbo. Kampuni ya Oracle iliponunua Sun mwaka 2010, wengi wa waendelezaji waliingiwa na wasiwasi kuhusu mustakabali wa kazi yao. Septemba mwaka huo wakachukua msimbo, wakaanzisha taasisi yao, wakaiita kazi hiyo LibreOffice. Hawakuhitaji kibali cha tajiri mpya, maana leseni ilikuwa imewapa haki hiyo tangu mwanzo. Hadi leo LibreOffice hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi, na ndiyo ninayoandikia maneno haya. Mahali ambapo watu wapo, kisima huhama na maji yake.

Mwaka 2013 niliacha steshenari nikapata kazi ya muda ya kuingiza takwimu za afya katika wilaya moja ya mkoa wetu. Kila mwezi vitabu vya taarifa za afya, MTUHA, vilifika kutoka kwenye zahanati, vingine kwa baiskeli, na wakati wa masika vingine vilichelewa kwa sababu makorongo yamejaa. Tuliviingiza kwenye mfumo uitwao DHIS2. Niliona humo jina la Chuo Kikuu cha Oslo nikashangaa: Wanorwei wamejuaje mpangilio wa vitabu vyetu?

Nilielezwa kwamba hawakuhitaji kujua. Kazi hii ilianzia Afrika Kusini mwaka 1994, utawala wa ubaguzi ulipoanguka na nchi ikahitaji kuunganisha taarifa za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi za watu. Oslo wanaratibu uundaji wa programu, lakini msimbo uko wazi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio walioshirikiana na Wizara ya Afya kuupanga uendane na vitabu vyetu. Mwaka ule 2013 ndipo mfumo ulipokamilika kuenea katika wilaya zote za Tanzania Bara. Leo DHIS2 inatumika katika makumi ya nchi za Afrika na Asia, na Watanzania si wachotaji tu katika kisima hicho. Wamo miongoni mwa wafukuaji.

Katika ofisi ileile niliona pia upande wa pili. Miaka ya nyuma mradi mmoja wa maji ulikuwa umezunguka vijiji kuhesabu visima na pampu, ukaziweka taarifa kwenye programu ya kulipia. Mradi ulipokwisha, leseni ikaisha nayo. Mafaili yalikuwepo; tuliyaona majina yake na ukubwa wake, lakini hayakufunguka kwa programu nyingine yoyote. Ilikuwa kama kihenge kilichojaa uwele uliolimwa na kuvunwa na wenyeji, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyeshapanda ndege. Sikuwahi kumlaumu aliyeiuza programu ile, aliuza alichoahidi. Niliwalaumu wanunuzi, sisi wenyewe, kwa kutouliza swali moja kabla ya kusaini: siku leseni ikiisha, taarifa zetu tutazitoaje?

Tulikodi pikipiki na kwa wiki sita tukahesabu upya visima ambavyo vilishahesabiwa. Safari hii tulitumia QGIS, programu huria ya ramani iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, na taarifa tukazihifadhi katika muundo ambao programu yoyote inaweza kuusoma. Kisima cha korongo letu nilikiweka kwa mkono wangu kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wa kujitolea. Baadaye nikasikia habari za Ramani Huria, mradi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani pamoja na wakazi kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam. Nilipanda basi nikaenda. Nilikutana na waandishi wa programu nilizokuwa nikizitumia porini, na mmoja aliniuliza nimekwama wapi. Nikamwonyesha. Akaandika kwenye daftari lake.

Sisemi kwamba kila anayenunua programu amekosea. Zipo kazi za uhasibu, za usanifu majengo na za filamu ambazo programu za kulipia bado zinazifanya vizuri zaidi, na mwenye kuzihitaji azilipie kwa moyo mweupe. Dukani kwetu kadi za michango ya harusi zilichukua mwaka mzima kuhamia Inkscape, programu huria ya kuchorea, kwa sababu wateja walikuwa na mifano yao ya zamani iliyochorwa kwa programu nyingine. Sisemi pia kwamba programu huria haina gharama. Inadai muda, subira na unyenyekevu wa kuuliza. Tofauti ni kwamba gharama hiyo inabaki kwako kama ujuzi. Shilingi 15,000 za fundi ziliondoka naye. Hatua za kutengeneza printa bado ninazo kichwani.

Dodoma ya leo si ile ya mwaka 2010. Ni jiji tangu Aprili 2018, wizara zimehamia Mtumba, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ina makao yake makuu hapa. Mikataba mingi ya programu za umma sasa inapitia katika jiji hili. Kwa wanaoisaini nina ombi: fedha ikiwa ya wananchi, msimbo na taarifa vibaki mikononi mwa wananchi, na andikeni hivyo katika mkataba kabla ya kulipa. Kwa walimu wa vyuo nasema: mwanafunzi anayefundishwa programu moja tu ya kulipia anamaliza masomo akiwa mteja, mfundisheni na ile anayoweza kuifungua aone moyo wake.

Na kwako kijana uliyekaa kwenye steshenari fulani, Kizota au Makole au Kondoa mjini, ukiwa na namba ya kufungulia nyuma ya daftari: usianze kwa kubadili kila kitu. Anza na LibreOffice palepale kwenye Windows yako, uizoee kwa mwezi mmoja. Tafuta flashi moja uiwekee Ubuntu, ili siku mafaili ya mteja yakifichwa na virusi uyaone kabla hujaita mtu wa kuyafuta. Utakwama. Ukikwama, tafuta, yupo mtu mahali fulani aliyekwama kabla yako akaandika. Ukilipata jibu, liandike kwa Kiswahili, uliache pale ambapo mwenzako atalikuta alfajiri akija kuchota.